Daktari wa Makochi na Doa la Dawa ya Kikohozi

Mtaa mzima ulimwita Daktari, na yeye aliitika, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Kazi yake ilikuwa kuosha makochi na mazulia majumbani mwa watu. Jina alijipa mwenyewe siku aliponunua koti jeupe la mitumba lenye mfuko kifuani, akachomeka humo kalamu ambazo hazikuandika. Alipoingia sebuleni kwa mtu hakusalimia watu kwanza, alisalimia kochi. Alilizunguka, akaligonga mgongoni kwa vidole, akainama akalinusa, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Huyu amechelewa kuletwa," alisema.

Na mwenye nyumba, ambaye asubuhi ile alikuwa na kochi chafu tu, sasa alijikuta ana mgonjwa mahututi.

Mkewe, aliyemfuata nyuma na ndoo, mtaa ulimwita Nesi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Ndivyo ilivyo: mwanamume akijipachika cheo, mkewe hupachikwa kilicho chini yake kabla hajatua mzigo.

Matibabu ya Daktari yalikuwa ya namna moja kwa maradhi yote. Alimwaga maji. Alimwaga maji ya sabuni, akasugua kwa brashi mpaka povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, kisha akamwaga maji mengine ya kuondoa povu, na kama mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu akitazama, alimwaga tena kwa heshima yake. "Kochi haliogopi maji," alipenda kusema. "Linaogopa fundi mchoyo." Wenzetu wa zamani walisema maji yakimwagika hayazoleki, wakakusudia kutuonya. Yeye aliichukua methali hiyo akaifanya kanuni ya biashara.

Zamani kidogo alikuwa na sababu ya kujiamini. Alinunua mashine ya kunyonya maji, imetumika lakini nzima, na kwa muda fulani makochi yake yalitoka vizuri. Kisha ndani ya mashine kikaungua kitu. Ikabaki kelele, mvuto ukaondoka. Mtu mwingine angeipeleka kwa fundi au angeiuza kama chuma chakavu. Daktari aliendelea kuibeba. Baada ya kumwaga maji yake aliichomeka kwenye umeme, ikanguruma kama trekta na kunyonya kama jiwe, naye akaipitisha juu ya kochi polepole, uso umekunjwa, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Watoto wa nyumba walikuja kutazama. Wakubwa pia. Na kochi likang'aa, maana kila kitu kilicholowa hupendeza kwa muda: barabara, mawe, majani ya mgomba, hata uso wa mtu aliyetoka kulia. Daktari alipokea shukrani zake, akakunja waya, akaondoka. Hapo ndipo ulipokuwa ujuzi wake wote, katika kuondoka.

Baada ya siku chache doa lilirudi. Wakati mwingine lilirudi na ndugu zake, maana lililokuwa duara dogo la chai sasa lilikuwa ramani yenye pwani za kahawia. Simu ilipigwa. Daktari alijibu bila kushtuka.

"Hiyo ni homa ya kutoka, mama. Uchafu wa ndani unatoka nje. Ungebaki ndani ungelimaliza kabisa."

Wako waliomtukana. Lakini wako pia waliomshukuru, wakakaa wakilitazama kochi lao likiugua kuelekea kupona. Dunia haijawahi kupungukiwa na watu wanaotaka kudanganywa, mradi tu wadanganywe kwa lugha ya hospitali.

Nesi alielewa kilichokuwa kikitokea, na alikielewa jikoni kwake wala si kwenye kochi la mtu. Umeme ulikuwa umekatika, akawa anatia utambi mpya kwenye taa ya mafuta. Utambi ulikuwa mweupe na mkavu. Alipouchovya ncha, akaona mafuta yakianza kupanda. Hakuna aliyeyavuta, hakuna aliyeyasukuma. Yalipanda yenyewe kutoka uzi hadi uzi, maana kati ya uzi na uzi mna uchochoro mwembamba, na kitu cha majimaji kikiuona uchochoro mwembamba huingia kama umbeya unavyoingia mtaani: hakiulizi njia, na kadiri njia inavyobana ndivyo kinavyofika mbali. Nesi aliduwaa na kibiriti mkononi. Akafikiria sponji lililo ndani ya kochi, lote matundu. Akafikiria kitambaa kilicho juu yake, chote nyuzi. Akafikiria ndoo za mumewe.

Akajaribu kwa mto wa kiti chao wenyewe. Aliumwagia chai, akauosha kama mumewe anavyoosha, doa likapotea. Ulipoanza kukauka, doa likachungulia, na ulipokauka kabisa lilikuwa limekaa juu kama mwenye nyumba. Maji yana mbawa, aliwaza. Yakifika juu huruka na hewa, na mengine yaliyo chini hupanda kushika nafasi. Uchafu hauna mbawa. Hubebwa mpaka mlangoni, ukaachwa hapo. Akauosha mto mara ya pili, safari hii akautandikia taulo jeupe kavu na kuliwekea sufuria ya maharage juu. Kesho yake doa lilikuwa kwenye taulo. Maji hayakuacha kupanda, ila yalikuwa yamepata pengine pa kumalizia safari.

Alimweleza mumewe. Alimweleza vizuri, kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake kwamba zipu iko wazi.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Wewe ni nesi. Nesi hapasui."

Tangu siku hiyo Nesi alibeba ndoo na kunyamaza. Kunyamaza kwake hakukuwa utiifu. Ilikuwa dharau iliyochoka, ambayo kwa macho ya mtaa inafanana sana na utiifu, na ndoa nyingi zinasifiwa kwa sababu hiyo.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Kutwa nzima alifundisha watu wafupi kufunga kamba za viatu na kutokula penseli, kwa hiyo uvumilivu alikuwa nao. Alipata mchumba, fundi umeme mpole aliyeishi na mama yake. Baba wa kijana alishafariki siku nyingi. Msemaji wa familia alikuwa babu yake, mzee aliyekuwa msimamizi wa stesheni ya treni, akastaafu kazi lakini hakustaafu kusimamia. Ikapangwa siku ya familia mbili kukutana sebuleni kwa mama wa kijana, babu aje amwone binti na wazazi wake, aseme neno. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema mtupe muda, kila mtu alijua maana yake.

Mama wa kijana alipika keki za kuuza, mtaa ukamwita Mama Keki. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye maneno machache yenye pilipili. Alikuwa na fahari moja maishani mwake nayo ni seti ya makochi rangi ya krimu, ambayo kwa miaka mingi aliifunika nailoni mpaka wageni wakawa wanakaa wakinyong'onyea kama wamekaa kwenye mfuko. Alipovua nailoni hatimaye, mjukuu wake akapanda kwenye kiti kikubwa na chupa nzima ya dawa ya kikohozi, nyekundu kama damu ya mzee, akamnywesha mwanasesere. Mwanasesere hakunywa. Kiti kilikunywa yote.

Daktari aliposikia hadithi hiyo, aliona mlango wa mbinguni umefunguliwa.

"Mwachieni Daktari," alisema. "Mkwe hatoi hata shukrani. Ni zawadi."

Jioni ile binti alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Baba asiguse kochi la watu."

"Ameshaahidi."

"Mzuie."

"Mwanangu, nimzuie mimi? Hata mvua humwomba ruhusa ya kunyesha."

Binti hakucheka. "Mimi ndiye nitakayekwenda kuishi pale. Nitalifuta vumbi kochi lile kila asubuhi. Sitaki kila nikiliona nimwone baba. Sitaki mama yake naye kila akiniona aone doa."

Nesi alimtazama binti yake. Mtoto alikuwa hamchukii baba yake, na hilo ndilo lililomuuma. Kumwonea mtu aibu huku unampenda ni kazi nzito kuliko kumchukia, na Nesi, aliyekwisha kuhamia upande mwepesi, aliusahau uzito huo.

"Nitakwenda naye," alisema. "Nitaangalia maji."

Walikwenda. Ilikuwa majira ya mvua, madirisha yamefungwa, nyumba inanukia vanila. Daktari alivaa koti. Alilizunguka kochi, akaligonga.

"Lini lilianza?" aliuliza.

"Lilianza nini?" alisema Mama Keki. "Ni doa, halina tarehe ya kuzaliwa."

"Mama mkwe, doa ni dalili. Ugonjwa uko ndani."

"Basi utoe huo wa ndani uniachie la nje nilione linavyokwenda."

Daktari alicheka kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kucheka, akamwaga. Nesi alisogeza ndoo ya pili kwa mguu, akaificha nyuma ya mlango. Daktari akaifuata huko huko.

"Maji yametosha, bwana," Nesi alinong'ona. "Hilo ni sponji, si shamba la mpunga."

"Nesi."

"Mashine yenyewe haivuti. Unajua haivuti."

"Nesi, brashi."

Alimpa brashi. Povu likapanda jeupe, likageuka waridi, likageuka jeupe tena. Mashine ikanguruma. Mama Keki aliyekuja kusimama mlangoni na kisu cha keki mkononi alilainika uso kwa mara ya kwanza. Doa halikuwapo. Kiti kilikuwa cheupe kuliko wenzake, kimejaa maji, kizito, kimetulia kama ng'ombe aliyetoka mtoni.

"Tuweke taulo," Nesi alisema, safari hii kwa sauti. "Taulo kavu na kitu kizito juu yake, mpaka likauke. La sivyo doa litapanda."

Mama Keki alimgeukia. Daktari akawahi.

"Taulo la nini, mke wangu? Kochi limetoka kuoga, halijatoka kujifungua."

Wote wawili, Mama Keki na Daktari, walicheka. Nesi angeweza kusema tena. Alikuwa na mdomo, alikuwa na hoja, na mwenye kochi alikuwa amesimama mbele yake. Lakini kumsahihisha mume mbele ya mkwe siku mbili kabla ya mkutano ni kumwambia mkwe anunue kitu huku unamwonyesha kimevunjika wapi. Akachukua ndoo.

Siku ilipofika, Daktari aliazima suti kwa shemeji yake, kaka wa Nesi. Ilikuwa ya kitani, rangi ya maziwa, na ilimkaa vizuri kwa sharti la kutopumua. Alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu hata Nesi akaanza kukionea kioo huruma.

"Naonekanaje?"

"Kama kochi lao," alisema Nesi.

Akaipokea kama sifa.

Mama Keki aliwapokea mlangoni kwa heshima zote. Kijana alikuwapo, shangazi zake wawili walikuwapo, keki ilikuwapo. Babu alikuwa bado njiani, basi lake limechelewa. Na kiti kikubwa kilikuwa mahali pake, kimewekewa mto mdogo wa kutarizi katikati ya kikalio, pale ambapo hakuna mtu mwenye akili huweka mto.

Nesi aliuona mto huo, na pembeni mwake akaona ukingo mwembamba wa waridi, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo. Doa lilikuwa linarudi. Halijafika lote. Lilikuwa nusu ya safari.

"Mkwe, karibu hapo," alisema Mama Keki, na macho yake yalikuwa makavu kuliko kiti. "Kiti chako ulichokiosha mwenyewe. Nimekutunzia."

Daktari aliutazama mto. Nesi alimwona alivyouona ule ukingo. Kwa muda mfupi sana uso wake ulikuwa uso wa mtu mzima aliyeelewa jambo, na Nesi alishangaa jinsi ulivyompendeza. Kisha akafanya alichofanya siku zote, akaficha. Aliuondoa mto kwa mkono mmoja kama mtu anayetaka nafasi, akageuka haraka, akalikalia doa lote.

Mazungumzo yalianza. Daktari aliongea kuhusu mvua, kuhusu vijana wa siku hizi, kuhusu usafi kuwa nusu ya utu. Uzito wake uliminya sponji. Maji yaliyokuwa yamelala chini yakaamka. Yalishapanda muda mrefu kuelekea juu, taratibu, uchochoro kwa uchochoro, na sasa yalikutana na kitu kizuri kuliko hewa: kitani kikavu, chenye nyuzi nyembamba, cha shemeji.

Baada ya kitambo Daktari alimwinamia mkewe akitabasamu kwa wageni.

"Nesi. Kuna unyevunyevu."

"Kaa."

"Unaongezeka."

"Kaa tu, bwana. Ukiinuka umekwisha."

"Umefika kwenye bukta."

Nesi alichukua kipande cha keki, akakitafuna polepole. Hakuwa na furaha, ingawa angependa kusema alikuwa nayo. Kwa miaka mingi alikuwa amemngojea mumewe akutane na kazi yake mwenyewe uso kwa uso, na sasa wamekutana upande wa pili, na mbele yake alikaa binti yake na mikono imekunjwa mapajani, akimwangalia baba yake kwa macho ya mtu anayehesabu nyufa za ukuta wa nyumba anayolala. Binti alishaona. Waridi ilikuwa imeanza kujitokeza pembeni ya paja la suruali, chini kidogo ya mfuko.

Hapo mlango ukabishwa, babu akaingia.

Alikuwa mzee mrefu, amenyooka, amevaa kofia aliyoivua kizingitini na kuikabidhi kwa mtu bila kuangalia ni nani. Wote wakasimama. Kijana alisimama, shangazi zake wakasimama, binti akasimama, Nesi akasimama na keki mdomoni. Daktari hakusimama.

Babu aliwasalimia mmoja mmoja, na kila salamu ilimsogeza karibu na kiti kikubwa, mpaka akafika, akanyoosha mkono, akangoja.

"Shikamoo, mzee," alisema Daktari kutoka chini.

Babu hakuitika. Alimgeukia Mama Keki. "Huyu ndiye baba wa binti?"

"Ndiye, baba."

"Anaumwa miguu?"

"Hapana, mzee," alisema Daktari. "Yaani ndiyo. Mgongo."

"Mgongo au miguu?"

"Vinashirikiana, mzee."

Babu aliushusha mkono wake. Hakukasirika kwa sauti. Aliongea kama anayesoma ratiba ya treni.

"Nimekaa kwenye basi tangu asubuhi, na magoti yangu yana umri mkubwa kuliko nyumba hii. Nimeingia, watoto wamesimama, wanawake wamesimama. Kama baba wa binti haoni mtu wa kumsimamia hapa ndani, ni vizuri tujue leo. Tunywe chai, tuagane vizuri, kila mtu arudi kwake."

Mama Keki aliweka mkono kiunoni. Kijana alimtazama mchumba wake, naye alikuwa amekauka kama karatasi. Nesi alimeza keki. Uongo ulikuwa tayari ulimini: mzee, mume wangu anaumwa kweli, jana alianguka. Ulikuwa uongo mzuri, umenyooka, ungewafikisha nyumbani. Alikuwa amembebea ndoo maisha yote, angeweza kumbebea na huo. Akafungua mdomo.

"Baba, simama," alisema binti.

Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ile ya darasani, ya kumwambia mtoto atoe kitu alichoficha kinywani.

"Mwanangu," alisema Daktari.

"Simama umsalimie babu. Suruali itafuliwa."

Daktari alimtazama mkewe. Nesi akatazama dirishani. Daktari akamtazama binti yake tena, na hapo hakukuwa na pengine pa kutazama. Akashika mikono ya kiti, akajinyanyua. Kiti kilitoa sauti ndogo ya kuachwa, kama busu. Akaupokea mkono wa babu kwa mikono yake miwili, akainama, akasalimia upya, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukutani.

"Mbona unatembea kama kaa?" aliuliza babu.

Mama Keki, aliyekuwa upande wa nyuma karibu na meza ya chai, alishaona. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hawakusema kwamba inaweza pia kuyatangaza. Lilikuwa duara kubwa, jekundu katikati, linafifia kuelekea kingoni, limechorwa kwa ustadi ambao Daktari hakuwahi kuufikia kwa brashi.

"Mkwe," alisema Mama Keki, "umeondoka na doa langu."

Babu alimzunguka, akaangalia. Uso wake ukabadilika. "Mtu ameumia huyu."

"Hajaumia, baba. Ni dawa ya kikohozi."

Babu aliwaza. "Na kikohozi siku hizi kinatibiwa huko?"

Shangazi mmoja alishindwa, akakimbilia jikoni. Kijana aliinamisha kichwa, mabega yakimtetemeka. Daktari alisimama katikati ya sebule, na kwa mara ya kwanza tangu avae koti jeupe hakuwa na neno la kitaalamu.

"Nilimwaga maji mengi, mzee," alisema. "Mke wangu aliniambia. Doa lilikuwa limeanza kurudi, nikalikalia lisionekane. Sikukataa kukusimamia."

Mama Keki aliinama kwenye kiti. Alikipapasa kwa kiganja, akakitazama kutoka upande huu na upande ule. Palipokuwa na doa palibaki kivuli tu, kama cha mkono uliopita juu ya karatasi. Kitani cha shemeji kilikuwa kimekunywa karibu lote.

"Limetoka," alisema taratibu. Akanyooka. "Kumbe dawa si sabuni, ni kukaa. Basi, mkwe, kochi la watu watatu lina doa la chai upande wa ukutani. Jumamosi uje na suruali nyingine."

Sasa walicheka wote. Babu alicheka mwisho, na alicheka muda mrefu, mpaka akatafuta pa kukaa, akaepuka kiti kikubwa, akakaa kwenye kigoda.

"Nilidhani ni mtu wa kiburi," alisema akijifuta macho. "Wa kiburi hatuwezani nao. Wajinga tunao wengi hata kwetu, hatakosa wa kukaa naye." Kisha akamgeukia binti, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye uliyemwambia asimame?"

"Ndiyo, babu."

"Angekataa ungefanyaje?"

"Ningemngoja. Nimezoea watoto."

Babu alitikisa kichwa, akaomba chai, akauliza siku gani ingewafaa kwa harusi. Hakusema ndiyo. Aliona haina haja.

Walirudi nyumbani kwa miguu, jua likiwa bado juu. Binti alivua mtandio wake akamfunga baba yake kiunoni, ukafunika nyuma na kuacha mbele wazi, Daktari akawa anatembea kama mtu aliyekatizwa akioga. Kwa hatua nyingi hakusema kitu. Nesi alianza kuwa na matumaini.

"Kitani," alisema Daktari hatimaye. "Mnaona kilivyovuta? Pamba isingevuta vile. Mimi nilipoiazima suti hii nilikuwa na mawazo fulani."

"Baba," alisema binti.

"Nasema tu kitaalamu."

Binti alianza kucheka. Alicheka mpaka akasimama barabarani, mkono kifuani, na ni kicheko ambacho Nesi hakukisikia tangu uchumba uanze: hakikuwa na aibu ndani yake. Kilimpita baba yake bila kumdhuru. Nesi alisimama akingoja kimfikie na yeye, hakikumfikia. Alimtazama yule mwanamume, na kalamu mbovu alizohamishia kwenye suti ya watu, na kidevu kilichokwisha kuanza kuinuka tena, akajua kwamba kufikia Jumatatu mtaa mzima utakuwa umesikia habari za tiba mpya ya kitani, na kwamba wako watakaoamini. Alimdharau kwa moyo wake wote. Alijitafutia ndani kitu kingine zaidi ya dharau, akapata kidogo, kilichokuwa kimelowa na kisicho na umbo.

Fundo la mtandio lilikuwa linalegea. Nesi alimsogelea, akalifungua, akalifunga upya kwa nguvu.

"Tangulia wewe," alimwambia. "Sisi tutakuja nyuma, tukuzibe."